Mrututu, Chokaa na Msumari

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike habari ya kemia kwa maneno ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataweza kuyafuata. Nimefikiri sana nianzie wapi, na mwisho nimeona ni heri nianze na aibu yangu mwenyewe, maana aibu ile ilinifundisha kemia kuliko vitabu.

Kwetu ni Busasamana, katika Wilaya ya Rubavu, kule juu kwenye mpaka wa Kongo. Wale waliopata kufika wanajua jinsi kulivyo: udongo mweusi wa volkeno, mawe mengi, baridi ya asubuhi, na viazi Ulaya kila upande utazamao. Viazi hutoa karo, hununua mabati, hutoa hata mahari. Na viazi vina adui mmoja anayeogopwa kuliko wote. Kwa Kinyarwanda ugonjwa huo huitwa imvura, yaani mvua, kwa kuwa huja pamoja na mvua kama mtumishi na bwana wake. Kwanza huonekana doa kama la maji kwenye ncha ya jani. Kesho yake doa limekuwa jeusi, na ukiligeuza jani utaona ukungu mweupe kama unga. Baada ya siku chache shamba zima linanuka. Ndio ugonjwa ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, wakafa watu kama milioni moja kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo.

Katika mwezi wa Aprili, mwaka 2004, nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nimerudi nyumbani likizo. Nilikuta shamba la bibi yangu, ambaye sote tulimwita Nyogokuru, limeanza madoa. Hakuwa na fedha za kununua ile dawa ya unga wa manjano ambayo majirani walikuwa wakinyunyiza. Mimi nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba shaba huua ukungu. Kusema kweli nilikuwa nimesoma nusu ya ukurasa tu, kengele ikalia. Basi nikateremka mjini Gisenyi, nikanunua mrututu kwa mtu aliyeuza dawa za mifugo, ule unaotiwa katika maji ya kuoshea kwato. Nikauyeyusha ndani ya ndoo, maji yakawa buluu ya kupendeza kama Ziwa Kivu wakati wa adhuhuri. Nikachovya fagio la matawi, nikanyunyiza shamba zima, tuta kwa tuta.

Nyogokuru aliniuliza, "Mjukuu wangu, dawa hii umeipata kwa nani?"

Nikamjibu kwa majivuno, "Shuleni, Nyogokuru."

Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua. Kingo zilikuwa kahawia, katikati matundu, kana kwamba mtu amepita na kaa la moto. Nyogokuru hakunigombeza. Alisimama pale ukingoni mwa shamba, akasema tu, "Mvua ingeniachia angalau nusu." Msimu ule alivuna viazi vidogo kama mayai ya njiwa, na ilimbidi kuuza mbuzi ili apate mbegu ya msimu uliofuata.

Basi kosa lilikuwa nini? Shaba huua ukungu kweli. Kitabu hakikusema uongo. Nami sikuzidisha kipimo sana. Kosa lilikuwa katika majirani wa shaba, na habari ya majirani hao ndiyo ninayotaka kuwaelezeni.

Tazameni chati ya elementi iliyotundikwa ukutani katika chumba cha kemia. Katikati yake mtaona safu za metali ambazo waalimu huziita metali za mpito: chuma, shaba, manganizi, kobalti, platini na wenzao. (Zinki imeketi mwisho wa safu, na wengine hukataa kuihesabu katika ukoo huu, lakini kwa kazi yetu ya leo tutaihesabu.) Metali hizi zina tabia moja ya ajabu. Atomi yake ikiisha kupoteza elektroni mbili au tatu, haipendi kukaa peke yake. Hukaribisha majirani wenye elektroni za kuazima, kama vile maji, amonia, au klorini, nao humzunguka kama wageni wanaomzunguka mzee katika baraza. Mara nyingi viti ni vinne au sita, na vimepangwa kwa utaratibu, si ovyo. Mzee pamoja na wageni wake, wote kwa jumla, huitwa kompleksi. Aliyetambua mpango wa viti hivi alikuwa Alfred Werner wa Zürich. Alitoa wazo lake mwaka 1893, wengi hawakumwamini, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel.

Jambo hili si la mbali na sisi. Kila mmoja wenu anatembea na kompleksi ya chuma ndani ya damu yake. Viti vitano vya chuma hicho vimekaliwa na naitrojeni za protini na za kile kibamba kinachokibeba, na kiti cha sita ndicho cha oksijeni, ambayo huketi mapafuni na kushuka mwilini. Lakini yupo mgeni mwingine apendaye kiti hicho hicho, nayo ni kaboni monoksaidi, hewa itokayo katika makaa yasiyoungua vizuri. Hiyo hukishika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, wala haitaki kuinuka. Ndiyo sababu watu huingiza jiko la makaa ndani kwa ajili ya baridi, wakafunga dirisha, na asubuhi wakakutwa wamekufa bila jeraha. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Kwetu wazee husema ni mazuku, lakini mazuku ni hewa nyingine, kaboni dayoksaidi itokayo ardhini na kutuama mabondeni. Hiyo huua kwa njia yake nyingine.

Sasa turudi kwa shaba. Mrututu ni salfeti ya shaba, na buluu yake haitokani na shaba peke yake, ila na shaba iliyozungukwa na maji. Mnaweza kulihakikisha jambo hili katika chumba cha kemia, mwalimu akiwapo. Tieni punje za mrututu katika bomba la kioo, mzipashe moto taratibu. Maji yatatoka kama mvuke, na mrututu utageuka unga mweupe. Dondosheni tone la maji, na buluu itarudi pale pale, na bomba litapata joto. Kisha yeyusheni mrututu mwingine katika maji, mtie amonia tone kwa tone. Kwanza kutatokea tope la buluu hafifu. Mkizidi kutia, tope hutoweka na maji huwa buluu iliyokoza mno, karibu na zambarau. Hapo amonia nne zimewaondoa maji vitini, zimeketi zenyewe. Hiyo nayo ni kutengeneza kompleksi, na haihitaji mitambo mikubwa. Waalimu wa chuo kikuu hufanya hivyo hivyo kwa vyombo vya bei kubwa zaidi.

Maji ni mgeni asiyekaa. Juu ya shaba hubadilishana viti upesi kupita kufikiri. Kwa hiyo shaba iliyo katika maji matupu ni kama haina mlinzi: ikikutana na kitu kingine kinachoipendeza zaidi hukikamata mara moja. Na ndani ya kila kiumbe kimo kitu ambacho shaba hukipenda sana, nacho ni salfa iliyomo katika vimeng'enya, zile protini zinazofanya kazi zote za uhai. Kimeng'enya kilichoshikwa na shaba hakifanyi kazi tena. Mbegu ya ukungu ikinywa shaba hufa. Lakini jani la kiazi nalo lina vimeng'enya! Mimi nilinyunyiza shaba isiyo na mlinzi, ikaingia ndani ya majani ya Nyogokuru kama ilivyoingia ndani ya ukungu, wala haikujali nani rafiki na nani adui.

Dawa yenyewe ilijulikana zaidi ya miaka mia iliyopita, na ilipatikana kwa sababu ya wezi. Huko Ufaransa, karibu na mji wa Bordeaux, wenye mashamba ya mizabibu walichoka na wapita njia waliochuma zabibu za kandokando ya barabara. Wakachanganya mrututu na chokaa, wakazinyunyizia safu za ukingoni, ili zionekane zimetiwa sumu. Mwaka 1882 Profesa Millardet alipita hapo wakati ambapo ugonjwa wa ukungu, uliotoka Marekani, ulikuwa umepukutisha majani ya mizabibu yote. Akaona safu za kando ya barabara bado zina majani. Wengine waliona ajabu wakaendelea na safari zao. Yeye alirudi akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza kipimo. Dawa hiyo mpaka leo huitwa maji ya Bordeaux.

Chokaa inafanya nini? Inaondoa maji vitini na kuweka haidroksidi mahali pake, na shaba inageuka tope la buluu lisiloyeyuka. Tope hilo hugandama juu ya jani, na mvua hailiondoi kwa urahisi. Shaba yake hutoka kidogo kidogo, kwa umande na kwa tindikali hafifu ambayo jani na mbegu ya ukungu huitoa. Mbegu ya imvura huogelea katika tone la maji juu ya jani, ikitafuta mahali pa kupenyea, na humo ndani ya tone hukutana na shaba ya kutosha kuiua. Jani, lenye ngozi yake ngumu, haliungui. Shaba ni ile ile iliyonitia aibu. Wageni wake tu ndio waliobadilika.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba maji ya Bordeaux hayana ubaya. Shaba haiozi. Ikiingia udongoni hukaa humo, mwaka baada ya mwaka, na huwadhuru minyoo ya ardhi. Ndiyo maana nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka, kwamba shamba lisipate zaidi ya kilo 28 za shaba kwa hekta katika muda wa miaka saba.

Sasa ile dawa ya unga wa manjano. Jina lake mankozebu, na wengi huijua kwa jina la dukani, Dithane. Nayo ni kompleksi, lakini ndani yake kazi zimegeuzwa, na mimi nilipolifahamu jambo hili nilifurahi kama mtoto. Mwaka 1934 kampuni ya Du Pont ya Marekani ilipata hati ya uvumbuzi wa jamii ya dawa zenye kaboni, naitrojeni na salfa. Moja katika jamii hiyo, iliyotokea baadaye, iliua ukungu vizuri lakini iliharibika upesi. Katika miaka ya 1940 watu waliiongezea salfeti ya zinki, ikadumu. Kisha wengine wakatumia manganizi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikatoka mankozebu, yenye manganizi asilimia 20 hivi na zinki asilimia 2.5. Kila kipande cha ile dawa kina mikono miwili, na kila mkono una salfa mbili zinazoikamata metali kama koleo, hata ukafanyika mnyororo mrefu. Katika maji ya Bordeaux metali ndiyo muuaji, na wageni wake ni walinzi. Katika mankozebu wageni ndio wauaji, na metali imewashika ili wasitawanyike kabla ya saa yao. Mnyororo ukikatika juu ya jani kwa maji na hewa, vipande vyake huvishambulia vimeng'enya vya mbegu ya ukungu.

Dawa zote mbili hukaa juu ya jani tu. Haziingii ndani, wala haziponyi jani lililokwisha kuugua. Wakulima wengi hungoja mpaka waone madoa ndipo wakimbilie bomba, halafu huilaumu dawa. Tena mankozebu ina jambo la kuogopesha. Ikivunjika hutoa kitu kiitwacho kwa kifupi ETU, ambacho huidhuru tezi ya shingoni, na kwa mimba si salama. Umoja wa Ulaya uliamua mwezi wa Desemba, mwaka 2020, kutoruhusu tena mankozebu katika mashamba yake. Kwetu nimewaona vijana wakiikoroga kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, na mama akiwa amembeba mtoto mgongoni huku bomba linamwaga ukungu wa dawa karibu naye. Nimesema nao. Wengine husikia, wengine hucheka na kusema kwamba wamekoroga hivyo miaka kumi na bado wazima. Ninyi mlio shuleni mkienda likizo, chukueni fimbo mkoroge nayo, mvae glavu na kitambaa mdomoni, wala ndoo ya dawa isichotewe maji ya kupikia.

Labda msomaji atauliza, je, wageni wakiwa wale wale, kuna tofauti nyingine yo yote? Ipo, nayo ni kubwa: mahali walipoketi. Mfano mzuri ni platini. Kuna kompleksi yake yenye viti vinne, klorini mbili na amonia mbili. Klorini zikiketi jirani, bega kwa bega, ni dawa ya saratani iitwayo sisplatini. Klorini zikiketi zinatazamana, amonia katikati yao, si dawa ya kitu. Idadi ni ile ile, uzito ni ule ule.

Sisplatini ilitengenezwa mara ya kwanza na Michele Peyrone, Mwitalia, katika miaka ya 1840, na kwa zaidi ya miaka mia haikuwa na kazi. Kisha mwaka 1965, huko Michigan, Barnett Rosenberg na wenzake walikuwa wakipitisha umeme katika maji yenye bakteria, ili kuona umeme utafanya nini. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Baada ya kuchunguza waliona kwamba umeme hauna hatia: vijiti vyao vya platini, vilivyodhaniwa haviyeyuki, vilikuwa vimeyeyuka kidogo na kufanya kompleksi pamoja na amonia na klorini za majini. Kitu kinachozuia bakteria kugawanyika huenda kikazuia saratani nayo, wakawaza, na mwaka 1978 dawa ikaruhusiwa Marekani. Ndani ya seli klorini zile mbili hutoka, na platini huikamata DNA mahali pawili palipokaribiana, ikaipinda, seli ikashindwa kujinakili. Zikiwa zimetazamana haziwezi kupashika hapo pawili.

Na kutengeneza hii au ile ni suala la kuanzia wapi. Ukianza na platini yenye klorini nne na kuleta amonia, klorini humsukuma aliyeketi mkabala wake kwa nguvu kuliko amonia isukumavyo; hivyo amonia ya pili huketi ubavuni mwa ya kwanza, nawe umepata dawa. Ukianza na amonia nne na kuleta klorini, kwa sababu ile ile utapata ile isiyofaa. Sisplatini nayo ina ukali wake: hutapisha, hudhuru figo na masikio, na mgonjwa hutiwa maji mengi mwilini ili kuziokoa figo. Sisi wa upande huu wa Virunga hatukuwa na mahali pa kutibiwa saratani karibu mpaka kituo cha Butaro, katika Wilaya ya Burera, kilipofunguliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo neno saratani kwetu lilikuwa kama hukumu.

Narudi Busasamana. Mwezi wa Novemba, mwaka ule ule wa 2004, nilirudi likizo, safari hii nimesoma ukurasa wote. Nilileta gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa ya kupakia nyumba, kwa lita kumi za maji. Niliyeyusha kila kimoja mbali, katika ndoo za plastiki, kwa maana mrututu hula ndoo ya bati. Nikamimina mrututu katika chokaa huku nakoroga kwa fimbo. Ilipokuwa tayari nilimwomba Nyogokuru msumari mpya.

"Wa nini?" akauliza.

"Wa kuuliza dawa kama iko tayari."

Nikauchovya, nikahesabu hadi mia, nikautoa. Ulikuwa mwekundu. Maana yake ilikuwamo bado shaba isiyo na mlinzi, nayo hukiacha maji na kumvaa chuma. Nikaongeza chokaa kidogo, nikachovya msumari wa pili. Ulitoka ulivyoingia.

Nyogokuru aliuchukua ule wa kwanza, akausugua kwa kidole gumba, wekundu ukabaki kidoleni. Akautazama kitambo. "Kumbe hii ndiyo iliyokula viazi vyangu," akasema. Kisha akanionyesha matuta mawili, yale ya mwisho karibu na choo, akaniambia nianze na hayo, na yaliyobaki tutayasema baada ya juma moja.